Jinsi Mwaridi wa Jangwani Ulivyopata Tumbo

Sogeeni karibu, na anayetafuna mahindi atafune polepole, maana hii sitaisimulia mara mbili.

Mwaridi wa jangwani mnaouona leo umekaa kwenye chungu kibarazani, kiuno kimevimba, matawi mafupi, maua mekundu kichwani na jani hata moja halipo, haukuumbwa hivyo. Hapo kale ulikuwa mti mwembamba na mrefu, kama fimbo ya mchungaji. Ulivaa majani mwaka mzima, masika na kiangazi. Maua yake yalikuwa meupe na madogo, yakijificha katikati ya majani hata nyuki akayapita bila kuyaona. Utomvu wake ulikuwa mtamu, na watoto walivunja vijiti vyake wakavinyonya.

Wakati huo, katika kijiji cha Irongo, pale vilima vinapoishia na nyika inapoanza, kila bibi harusi aliingia nyumbani kwake na mche wa mwaridi mkononi. Aliupanda upande wa kulia wa mlango, na mti huo haukumwagiliwa maji ya mtungi. Mgeni akija, akinawa mikono kabla ya kula, maji yale ya mikono yake ndiyo yaliyomwagwa shinani. Basi mlango wenye wageni ulikuwa na mti uliosheheni majani, na mlango usio na wageni ulikuwa na kijiti. Mpita njia alitazama tu akajua atakula wapi. Mwanamke akionekana anaupa mti wake maji matupu, yasiyogusa mkono wa mtu, ilikuwa aibu ya kusimuliwa mpaka kijiji cha pili.

Palikuwa na desturi nyingine pia. Mjane asiye na mtoto wa kiume, akishachoka kulima, alibeba kigoda chake akazunguka milango ya binti zake. Aliitazama miti yao. Pale alipoweka kigoda chini, hapo ndipo alipoishi mpaka mwisho wa siku zake. Hakuna mzee aliyetaka kufia kwenye nyumba ambayo watu hawaingii.

Sasa, hapo Irongo walikuwapo ndugu wawili wa tumbo moja, Mghoi na Wakesho. Mghoi ndiye mkubwa. Wote walikuwa wameolewa, na nyumba zao zilitenganishwa na shamba la mtama tu, hivyo kicheko cha huku kilisikika kule. Kicheko chenyewe karibu siku zote kilitoka kwa Wakesho. Mwanamke huyo akimwona mtu njiani alimkaribisha kabla hajamjua jina. Mwaridi wake uligusa ukingo wa paa.

Mghoi hakuwa mchoyo, msije mkamwonea. Kwa mapishi alimshinda mdogo wake mbali. Lakini uso wake ulikuwa mkavu, na ulimi wake mwepesi wa kurekebisha watu. Mgeni akikaa vibaya alimwambia akae vizuri. Mgeni akila harakaharaka alimuuliza nani anamfukuza. Watu walishiba kwake na hawakurudi. Mwaridi wake ulikuwa kijiti chenye majani machache, na kila alipotoka mlangoni asubuhi ulimsimamia pale kama shahidi.

Alimwonea wivu Wakesho. Nasema waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe alijua. Wivu wake haukuanzia kwenye mti. Wakesho alipozaliwa, mama yao, Mkanjala, aliugua sana, na Mghoi, angali mtoto wa kushikwa mkono, alipelekwa kwa shangazi yake juu kilimani. Aliambiwa, "Utakaa huko mpaka mama apone." Alikaa. Alipokuja kurudishwa nyumbani alikuwa amekwisha kuweza kujitwika mtungi wa maji, na alimkuta Wakesho amekaa kwenye mapaja ya mama kana kwamba yaliumbwa kwa ajili yake peke yake. Tangu hapo Mghoi aliishi akingoja zamu yake. Hakuwahi kumwambia mtu.

Baba yao akafa, miaka ikapita, na siku moja Mkanjala akatuma neno kwamba mtama ukishavunwa atabeba kigoda chake.

Mghoi aliposikia, moyo ulimpasuka kwa furaha, kisha akautazama mwaridi wake na furaha ikageuka donge. Alivuka shamba la mtama kwenda kwa mdogo wake, akamkuta anakaza kamba za kitanda.

"Cha nani hicho?" aliuliza.

"Cha mama," alisema Wakesho. "Nitakiweka karibu na jiko, maana baridi ya alfajiri humsumbua magoti."

"Na nani amekwambia atakuja kwako?"

"Hakuna, dada. Nimetengeneza tu. Akija kwako utakichukua wewe."

Afadhali angemtukana. Mghoi alirudi nyumbani akiwa na joto kifuani, na njia nzima aliyasikia maneno yale, utakichukua wewe, kama mtu anayerushiwa mfupa. Yeye hakujua kama mama ana magoti yanayouma. Mdogo wake alijua, na tena alijua ni saa ngapi yanauma.

Kesho yake alianza kwenda kwa siri. Watu walipokuwa mashambani yeye alishuka korongoni kwenye chemchemi, akajaza mtungi, akaufunika khanga, akaurudisha na kuumwaga wote shinani mwa mwaridi wake. Maji matupu, yasiyogusa mkono wa mgeni. Mti ulichangamka. Ukatoa jani, ukatoa jingine, mpaka majani yakawa mapana kama masikio ya ndama. Mghoi akaongeza mtungi. Majirani walianza kugeuza shingo wakipita.

Hata mumewe, Mwambi, mfuga nyuki asiyependa maneno, alisimama mlangoni siku moja akakuna kidevu. "Mke wangu, mti umenona. Mbona hao wageni mimi siwaoni?"

"Utawaona wapi, nawe umehamia kwenye mizinga?"

Mwambi aliutazama mti, akamtazama mkewe, akachukua kapu lake akarudi kwa nyuki zake. Kuna waume wenye akili hiyo.

Lakini mti nao una kiasi chake. Majani mapana yalianza kuwa ya manjano, yakaanguka mabichi. Mghoi akadhani ni kiu, akaongeza maji. Asubuhi moja alibonyeza shina kwa kidole na kidole kikazama. Harufu ikapanda, harufu ya uji uliochacha. Mwaridi ukainama taratibu mpaka ukaegemea ukuta.

Aliung'oa kwa hasira. Alichukua kisu akakata sehemu iliyooza, akakata tena, akitafuta palipo pazima, na machozi yalikuwa yakimtoka kwa sababu alijiona mjinga. Kisu kikateleza kikamkata kidole gumba. Damu ikadondokea kwenye jeraha la mti. Mghoi akautemea mate. "Ukae na uchungu wangu wote," aliuambia, akautupa nyuma ya nyumba, kwenye mawe makavu ambako Mwambi alikuwa akiegesha mizinga mibovu.

Kisha akakaa chini akinyonya kidole, na akiwa amekaa pale, wazo likamjia. Alijua sasa jambo ambalo Irongo nzima haikulijua. Maji ya mikono ni kidogo, viganja viwili vitatu, kwa hiyo hapakuwahi kuwa na mtu aliyeona kwamba mwaridi unaweza kufa kwa kunywa. Yeye peke yake ndiye aliyeona. Roho yake ikatulia, utulivu mbaya.

Siku iliyofuata alivuka shamba la mtama na mtungi kichwani. Akachuchumaa mlangoni kwa mdogo wake, akaanza kunawa. Alinawa viganja, akanawa viwiko, akamimina na kumimina, maji yote yakiingia shinani mwa mti uliogusa paa. Hapo Wakesho akatokea nyuma ya nyumba na kuni.

"Dada!"

Mghoi hakuinua uso. "Nimekuja kunawa mlangoni kwako. Au mimi si mgeni?"

Wakesho aliziachia kuni zikaanguka. "Mtungi mzima, dada? Mikono gani hiyo?" Alicheka, halafu akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Tangu niolewe hujawahi kunawa kwangu. Hata siku moja. Nilikuwa najiuliza nimekukosea nini."

Akaingia mbio kupakua chakula. Mghoi alikula, maana anayenawa hula. Mngedhani angeishia hapo, lakini wivu ukishakaa kitako haufukuzwi na tonge la ugali. Alivyozidi kupendwa ndivyo alivyozidi kuumia, kwa kuwa aliona, kumbe hata kupenda mdogo wake anamshinda. Kesho yake alirudi na mtungi, na siku iliyofuata tena. Wakesho akawa anamsubiri na mkeka umetandikwa. Aliwaambia wapita njia, "Siku hizi dada yangu huja kula kwangu," akisema hivyo kama mtu anayeonyesha vazi jipya.

Mtama ukavunwa. Mkanjala akaja.

Alikuja asubuhi, kigoda kwapani, fimbo mkononi, na watu wakatoka milangoni kutazama. Alianzia kwa Wakesho kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu na njia. Mwaridi uliogusa paa ulikuwa umelala chini. Ulianguka usiku wa kuamkia siku hiyo, na Wakesho alikuwa amekaa kando yake, macho yamevimba. Mkanjala aliinama. Alibonyeza shina kwa kidole, akakinusa.

"Akina nani wamekuwa wakinawa hapa?"

"Wageni wa kila siku, mama," alisema Wakesho. Halafu, hata katikati ya kilio chake, uso ukamkunjuka. "Na dada. Dada amekuwa akija kunawa na mtungi wake mwenyewe."

Mkanjala akageuza kichwa. Mghoi alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, mabua ya mtama nyuma yake. Walitazamana, mama na binti, na Mghoi akajua kwamba amejulikana. Alingoja mama aseme mbele ya watu. Mama akachukua kigoda chake akavuka shamba.

Kwa Mghoi, upande wa kulia wa mlango palikuwa na shimo tu.

"Mti wako uko wapi?"

"Ulikufa, mama. Niliutupa."

"Nionyeshe."

Wakazunguka nyuma ya nyumba, wawili tu. Na pale kwenye mawe, chini ya jua lisilo na huruma, ule mwaridi uliotupwa ulikuwa umesimama. Ulikuwa umedondosha majani yote. Mizizi michache iliyobaki ilikuwa imejichomeka kwenye kokoto, na maji yote uliyokuwa nayo mwilini uliyavuta ukayafungia kiunoni, mpaka kiuno kikavimba kikawa tumbo. Matawi yalikuwa matupu kama vidole. Lakini kwenye ncha za matawi yale kulikuwa na maua, makubwa, yaliyofunguka kabisa, mekundu pembeni pale damu ilipopita na meupe kooni. Hapakuwa na jani la kuyaficha. Mti ulikuwa umeyatoa nje yote, kama unaoomba mtu apite na autazame.

Mkanjala aliweka kiganja kwenye lile tumbo. Lilikuwa gumu.

"Nani anaumwagilia?"

"Hakuna mtu."

"Mti umeficha maji yake," alisema mama. "Hauamini kama utapewa tena."

Mkono wake ulibaki juu ya mti. Kisha akasema, bila kumtazama binti yake, "Nilikutuma kwa shangazi yako, nikakwambia ukae mpaka nipone. Nilipona mapema, Mghoi. Ulikuwa bado mdogo. Niliona mtoto mmoja ananitosha, nikakuacha huko. Sikuja kukuchukua kwa sababu sikutaka kuja."

Mghoi alikuwa amengoja maisha yake yote kusikia kwamba hakuota, kwamba kweli aliachwa. Alidhani siku akisikia atapumua. Haikuwa hivyo.

Mkanjala aliweka kigoda chini, pale pale kwenye mawe, akakikalia. "Nitakaa kwako," alisema.

Basi Mghoi alikuwa ameshinda. Na hakupata hata nafasi ya kuonja ushindi, kwa sababu Wakesho alitokea kwenye kona ya nyumba amejitwika kile kitanda, jasho linamtiririka, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Dada, hiki hapa! Nilikwambia utakichukua. Kiweke karibu na jiko, usisahau."

Mghoi aliutazama uso ule. Alitafuta ndani yake kinyongo, hata kidogo, ili apate pa kushika. Hakukiona.

"Ni mimi niliyeuua mti wako," alisema. "Kila nilipokuja kunawa, nilikuja kuuua. Nilijua utaoza."

Wakesho alitua kitanda chini. Alinyoosha kamba iliyokuwa imelegea, kwa makini, kama hiyo ndiyo kazi aliyojia.

"Na chakula ulichokuwa unakula?"

"Nilikila."

"Kilikuwa kitamu?"

"Kilikuwa kitamu," alisema Mghoi.

Wakesho aliitikia kwa kichwa, akageuka, akarudi kwake kupitia shambani.

Mkanjala akakaa kwa Mghoi, na Mghoi akapata alichokitaka. Alijifunza saa ya magoti. Alimkanda mama yake alfajiri na kumsikiliza akisimulia habari za zamani, na zamu yake ikawa zamu kweli. Watu walikuja kumjulia hali bibi kizee, wakanawa, wakala, na Mghoi akajizuia kuwaambia wakae vizuri. Lakini kicheko kutoka ng'ambo ya shamba kilikuwa kimenyamaza. Kile kicheko kilichomchoma miaka yote, sasa alikuwa akisimama mlangoni akikitegea sikio. Wakesho alikuja kumwona mama, akasalimia kwa adabu, akaondoka bila kunawa.

Mwaridi wa kwenye mawe ukazaa. Ulitoa maganda mawili mawili yaliyopindana kama pembe za mbuzi, na yalipopasuka zikatoka mbegu zenye manyoya, upepo ukazibeba. Mghoi alikimbia akazidaka alizoweza. Akatafuta chungu kilichotoboka, akakijaza mchanga na kokoto, akazifukia mbegu juu juu. Kwa mara ya kwanza maishani alifanya kitu bila pupa. Alichomeka kidole kwenye mchanga kabla ya kutoa maji, na akikuta unyevu alirudisha kata ya maji mtungini hata kama roho ilimwambia mwaga. Jua likitoka alikisogeza chungu juani. Upepo wa baridi ukishuka kutoka vilimani alikiingiza ndani, na siku hizo hakukipa kitu. Mche ulipokua aliuinua kidogo, mizizi ikatokeza juu ya mchanga, minene, imesokotana.

Ilichukua muda mrefu. Mwaridi hauharakishwi. Mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa mti ulipotoa ua la kwanza, na siku ile ile Mghoi alikibeba chungu kwa mikono miwili akavuka shamba.

Wakesho alikuwa akipepeta mtama mlangoni. Alitazama chungu. Alitazama tumbo la mti, halafu ua, halafu mikono ya dada yake iliyokishika.

"Ni wako," alisema Mghoi. "Hauhitaji wageni. Hauhitaji mengi."

Wakesho aliupokea, akauweka upande wa kulia wa mlango, pale ambapo ule wa kwanza ulikuwa. Mghoi, kwa mazoea tu, na kwa furaha ya kutofukuzwa, aliinama akachukua kata ya maji iliyokuwa juu ya mtungi wa mdogo wake. Wakesho akamshika kifundo cha mkono. Hakumshika kwa nguvu.

"Hapana, dada. Huu nitaumwagilia mwenyewe. Weka maji chini, wewe ingia ule."

Mghoi aliweka maji chini, akaingia, akala.

Na tangu siku hiyo mwaridi wa jangwani hufungia maji tumboni kama asiyeamini kesho, huvua majani kiangazi na kuchanua ukiwa mtupu, na maua yake ni mekundu pembeni na meupe kooni. Utomvu wake una uchungu na sumu, hata wawindaji wa nyikani waliupaka mishale yao, na mbuzi hapeleki mdomo. Ukiupa maji kidogo hukushukuru, ukiupa mengi kwa moyo wowote ule, mzuri au mbaya, huoza. Ndiyo maana watu waliacha kuupanda ardhini mlangoni wakauweka kwenye chungu, mchangani na kokotoni. Na ndiyo maana mtu mwenye mwaridi hukukaribisha nyumbani kwake, hukutandikia mkeka, hukusimulia ya moyoni, lakini ukigusa kata ya maji ukauelekea mti wake, hata kama ni ndugu yako, hata kama mlikwisha kusameheana, atakushika mkono.